Baiskeli Si Aibu



Wapendwa waamini na wasomaji wetu wa kila juma, juma lililopita hatukuandika, na baadhi yenu mlituuliza sababu. Tulikuwa safarini. Tulikuwa watu watatu, baiskeli tatu, siku sita, kutoka Kibondo hadi Kasulu. Kila ilipowezekana tuliiacha barabara kuu, tukafuata njia za vijijini, tukishuka mabondeni na kupanda vilima, tukilala pale usiku ulipotukuta. Tulitazamia kurudi na masimulizi ya mandhari. Tumerudi na ugomvi.

Ugomvi huo ulianza hata kabla hatujaondoka. Muumini mmoja, mtu mwema na mkarimu, alitukuta tukijaza upepo magurudumuni. Akazitazama baiskeli, akatutazama na sisi, kisha akasema kwa sauti ya huruma: “Padri, mngetuambia tu, tungewachangia mafuta ya gari.”

Hakutaka kutudhihaki. Ndiyo maana neno lake limetusumbua kuliko dhihaka. Ndani ya sentensi hiyo moja mna imani nzima, kwamba baiskeli ni ugonjwa na gari ni dawa yake, na kwamba mtu akionekana juu ya baiskeli lazima kuna jambo limemharibikia. Imani hiyo imeenea majumbani mwetu, ofisini mwetu, na tuseme ukweli, hata katika vikao vyetu vya parokia. Leo tunataka kuipinga.

Tuanze na tulichokiona. Nchi ya Buha haijulikani kwa mtu anayeipita kwa kasi. Kutoka Kibondo kwenda Kifura na Busunzu, kisha kuteremka kuelekea mto Malagarasi, na kupanda tena kuelekea Makere na Kasulu, mwili wenyewe ndio unaokufundisha jiografia. Mteremko unaujua kwa breki na mwinuko unaujua kwa magoti. Unajua ni wapi hewa inapoa, ni wapi migomba inaanza, ni wapi udongo mwekundu unageuka kuwa tope jeusi la bondeni. Unajua pia ni nani anayeishi hapo, kwa sababu huwezi kumpita mtu kwa baiskeli bila kumsalimu. Na salamu ya wazee wa Kiha si neno moja la kutupwa njiani. Ni ndefu, ina heshima, aghalabu ina na makofi ya taratibu ya viganja, na hukutaka usimame.

Njiani hatukuwa peke yetu hata saa moja. Tulipishana na mikungu ya ndizi, madumu ya mawese, magunia ya mkaa, mihogo mikavu, mabati ya kuezekea, mbuzi aliyefungwa juu ya keria, na mgonjwa aliyeketi nyuma ya mwanawe akimshika kiuno. Vyote hivyo vilikuwa juu ya baiskeli. Mizigo imefungwa kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu chakavu, nayo inakaza kuliko kamba yoyote ya dukani. Katika miinuko mikali hakuna anayependa kujifanya shujaa. Mwenye mzigo hushuka, huweka mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye mzigo, akasukuma. Sisi tuliokuwa na mfuko mmoja wa nguo kila mmoja tulishuka pia, tukasukuma pamoja nao, na humo ndimo mazungumzo bora ya safari yetu yalimofanyika.

Hapa inatupasa tujionye sisi wenyewe kwanza. Upo utalii wa baiskeli unaotazama vilima na kusifu, kisha ukamtazama mtu mwenye gunia la kilo themanini na kumsifu naye kana kwamba ni sehemu ya mandhari. Tumesikia wageni wakisema maisha ya vijijini yana utulivu. Hatukuona utulivu. Tuliona kazi. Uzuri wa bonde hauupunguzi uzito wa gunia. Anayesafiri kwa hiari yake, akijua kwamba akichoka atapanda basi, asijidanganye kwamba amekuwa sawa na yule ambaye asipofika sokoni leo watoto watalala njaa. Kwa hiyo hatuandiki kuusifu umaskini. Tunaandika kukitetea chombo ambacho maskini wamekichagua kwa akili, na ambacho wenye nafuu wanakidharau bila kufikiri.

Kwa nini tunasema kwa akili? Kwa sababu ya hesabu. Mtu anayeendesha baiskeli katika njia nzuri hutumia takribani sehemu moja ya tano ya nguvu ambayo angeitumia kutembea umbali uleule kwa miguu. Kidogo sana kimebuniwa na binadamu chenye faida ya namna hiyo bila tone la mafuta. Na mkulima wa Kasulu au Kibondo anao umbali wa kutosha wa kuhesabu. Katika mwaka 1972 ilianza Operesheni Kigoma, ambayo kwayo familia zilizokuwa zimetawanyika vilimani zilihamishiwa katika vijiji vilivyopangwa, vingi vikiwa kando ya barabara. Watu walihamishwa, mashamba hayakuhamishwa. Tangu hapo kizazi baada ya kizazi kimekuwa kikienda mbali kulima na kurudi mbali na mavuno. Baiskeli ndiyo iliyoziba pengo hilo, wala si trekta wala lori la ushirika.

Anayesema baiskeli ni aibu, basi, anasema kwamba ni aibu kuwa na akili. Wenzetu wa Goma, huko Kongo, wameelewa jambo hili. Wanacho chombo chao cha mbao kiitwacho chukudu, cha magurudumu mawili, ambacho hubeba viazi na mbao kutoka vijijini hadi mjini. Mji wa Goma haukuona haya. Umemjengea msukuma chukudu sanamu kubwa katikati ya mji. Sisi msukuma baiskeli wetu tunampigia honi aingie mtaroni.

Tukumbuke pia kwamba katika nchi hii wapo wakubwa waliojua maana ya kwenda polepole. Mwezi Oktoba 1967, Mwalimu Julius Nyerere, ambaye leo Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu, alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, safari ya zaidi ya kilometa 200, kuliunga mkono Azimio la Arusha. Alikuwa Rais wa nchi. Magari alikuwa nayo. Hakuna aliyemwambia, “Mngetuambia tu, tungewachangia mafuta.”

Wapo watakaotujibu: “Aibu tuiache, lakini muda je? Mtu wa leo ana shughuli nyingi.” Hoja hii ni nzito, tusiipite. Mwaka 1974 Ivan Illich, mwanafikra aliyezaliwa Austria na aliyekuwa ametumikia miaka mingi katika upadre, alichapisha kitabu kidogo kuhusu nishati na usawa. Humo alimpigia hesabu Mmarekani wa kawaida mwenye gari. Alijumlisha saa anazotumia kuendesha, kuegesha, na kufanya kazi ili apate fedha za kulinunua gari, kulitia mafuta, kulikatia bima na kulitengeneza. Akapata saa 1,600 kwa mwaka, kwa mwendo wa kilometa 12,000 hivi. Gawanyeni wenyewe: ni chini ya kilometa nane kwa saa. Kijana wa Makere mwenye mkungu wa ndizi juu ya keria hapitwi na mwendo huo katika njia tambarare.

Hatusemi gari halina kazi. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku wa mvua hahitaji falsafa, anahitaji gari la wagonjwa lenye mafuta na dereva aliye macho. Kahawa ya wakulima wa Manyovu haifiki bandarini kwa baiskeli. Tunachokataa ni ile tabia ya kupima kila safari kwa kipimo cha gari, hata safari ya kilometa nne kwenda kumwona mgonjwa wa jumuiya, kisha gari lisipopatikana tunamwacha mgonjwa bila kuonwa na kusema, “Usafiri umekosekana.” Usafiri haukukosekana. Uliegemezwa ukutani, gurudumu la nyuma halina upepo.

Kasi ina gharama nyingine isiyoandikwa katika hesabu za Illich: huondoa macho. Mwezi Novemba 1871 Henry Morton Stanley aliipita nchi hii ya Buha akienda Ujiji kumtafuta Livingstone. Watemi walimdai hongo, ambayo siku hizo ilikuwa ada ya kupita katika nchi ya mtu. Alilipa mara kadhaa, akachoka, mwishowe akampata kiongozi wa njia, akatoroka na msafara wake usiku ili wenyeji wasimwone. Alifika Ujiji na jina lake likavuma duniani. Hatumtetei mtemi aliyedai kupita kiasi. Lakini tafakarini: mtu aliyeipita Buha usiku, akinyamazisha msafara wake ili asikutane na Waha, ndiye aliyesomwa na ulimwengu kuhusu Buha.

Tangu wakati ule wapitaji wamekuwa wengi. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, na ile ya Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka 2015 Warundi walipoanza kukimbilia kwetu. Kwa miaka hiyo yote vilima hivi vimetazamwa na watu wengi kupitia vioo vilivyofungwa vya magari makubwa meupe. Wengi wao walikuja kuokoa maisha, na waliyaokoa. Hatuwalaumu. Lakini nasi wenyeji tumeiga kioo kilichofungwa bila kuiga huruma iliyokuwa ndani yake. Kiongozi wetu akipata gari, jambo la kwanza analolipoteza ni salamu.

Mnalijua simulizi la Msamaria Mwema. Kuhani alipita kando, Mlawi akapita kando. Msamaria alimwona majeruhi, akasimama, akamfunga jeraha, akampandisha juu ya mnyama wake mwenyewe. Maana yake, kutoka hapo yeye alitembea kwa miguu. Chombo chake cha safari kilikuwa na mwendo unaomwezesha kuona, na nafasi ya kumpisha mwingine. Tujiulize kama vyombo vyetu vina mambo hayo mawili.

Sasa tufike kwenye jambo lenye damu ndani yake. Mradi wa barabara ya lami kutoka Kabingo kupitia Kibondo na Kasulu hadi Manyovu una urefu wa kilometa zipatazo 260, na umegharimiwa kwa sehemu kubwa na mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Tuliusubiri kwa miaka mingi. Anayekumbuka basi lililokwama kwenye tope la masika hawezi kuubeza, nasi hatuubezi. Lakini lami imeleta kasi mahali ambapo kasi haikuwepo, na mahali penyewe ni katikati ya vijiji.

Tulikuwa tukisukuma baiskeli kwenye mwinuko mmoja, tukiwa pembezoni kabisa, lori liliposhuka nyuma ya lingine likijaribu kulipita. Mwenzetu wa mwisho aliiachia baiskeli akaruka kwenye majani. Aliumia kiwiko tu. Mzee mmoja aliyekuwa nyuma yetu na dumu mbili za mawese hakuruka, kwa kuwa mwenye dumu mbili za mawese hawezi kuruka. Alisimama tu akafumba macho. Lori lilimpita kwa upana wa mkono. Alipofumbua macho alisema maneno ambayo tumeyabeba hadi leo: “Wanangu, zamani njia hii ilikuwa mbaya, lakini ilikuwa yetu.”

Wapo watakaosema: “Barabara ni ya magari, wenye baiskeli wakae pembeni.” Tunawajibu hivi. Vijiji vingi vya nchi hii viko kando ya barabara kwa sababu wananchi waliletwa hapo na Serikali yenyewe, miaka ile ya Operesheni. Mtu aliyeletwa barabarani hawezi leo kuambiwa kwamba barabara si yake. Sheria inataka dereva asizidi kilometa 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Hiyo si hisani ya dereva, ni haki ya mtembea kwa miguu na mwendesha baiskeli. Na si namba iliyookotwa. Pigo la gari huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo wake, kwa hiyo gari linalokwenda kilometa 80 kwa saa hugonga kwa nguvu zaidi ya mara mbili na nusu ya lile linalokwenda 50. Tofauti hiyo mara nyingi ndiyo tofauti kati ya hospitali na kaburi.

Nanyi madereva Wakatoliki, mnaofunga rozari kwenye kioo cha mbele, tunawaambia kwa upendo: rozari ile haiwaondolei wajibu wa kuangalia saa ya mwendo. Kumsukumia mtaroni mtu aliyebeba chakula cha watoto wake ni dhambi, na tunawaomba mtaje dhambi hiyo katika kitubio pamoja na zile mlizozoea kuzitaja.

Hata hivyo tusinyooshe kidole barabarani tu. Katika siku zetu sita tulihesabu, na kwa kila wanawake kumi tuliowaona na mizigo, ni mmoja au wawili waliokuwa na baiskeli. Waliobaki walibeba kichwani. Katika nyumba nyingi tulizolala baiskeli ilikuwapo, lakini ilikuwa ya baba. Inakwenda naye kilabuni jioni, na asubuhi mama anakwenda shambani kwa miguu akiwa na mtoto mgongoni na jembe begani. Tulipouliza sababu tuliambiwa kwamba si heshima mwanamke kupanda baiskeli. Tunauliza: je, ni heshima kwake kubeba debe la maji kichwani kupanda kilima, huku chombo cha kumbebea kimeegemezwa ukutani?

Na mabinti zetu je? Shule za sekondari za kata ziliongezeka sana kuanzia miaka ya 2000, lakini kata zetu ni pana, na binti hutembea saa moja na zaidi, akipita vichochoro asivyopaswa kuvipita peke yake. Mwaka 2006 jimbo la Bihar nchini India lilianza kuwapa wasichana fedha za kununulia baiskeli wakijiunga na sekondari. Watafiti waliofuatilia mpango huo walikuta kwamba uandikishaji wa wasichana wa umri huo uliongezeka kwa asilimia 32. Bihar ni mojawapo ya majimbo maskini kabisa ya India, na huko nako walikuwepo waliosema kwamba si heshima. Wasichana walipoanza kupita kwa makundi kila asubuhi, maneno hayo yalipungua yenyewe.

Tunamalizia na jambo la nyumbani kabisa. Katika kigango kimoja tulipokelewa na katekista mzee. “Shikamoo, Mwalimu,” tulimwamkia. “Marahaba, wanangu, karibuni.” Alitupa maji, tukakaa. Pembeni ilikuwapo Phoenix nyeusi, ya zamani, imefutwa vumbi ikang’aa, lakini haina tairi la mbele. Tulimuuliza ni tangu lini. Akajibu, “Tangu Pasaka ya mwaka juzi.” Tangu hapo anakwenda vigango viwili vingine kwa miguu, kufundisha wakatekumeni na kuongoza ibada za Jumapili ambazo padri hafiki. Hakulalamika. Sisi ndio tulioona haya, maana tuliwahi kuketi katika kikao cha parokia kilichojadili kwa saa tatu mchango wa gari la padri, na katika saa zile tatu tairi la katekista halikutajwa hata mara moja. Bei ya tairi hilo haifikii bei ya soda na vitafunwa vya kikao kile.

Hiyo ndiyo aibu, wapendwa. Aibu haipo katika kupanda baiskeli. Ipo katika baiskeli ya katekista isiyo na tairi.

Kwa hiyo hatuwaombi muusifu utalii wetu, wala hatumtaki kila mmoja aende Kibondo kwa baiskeli. Tunawaomba mambo manne, na tutayauliza tena kabla ya Majilio. Kila jumuiya ndogondogo ikague baiskeli ya katekista wake na kuitengeneza kabla ya kuchanga kwa ajili ya chombo kingine chochote. Kila baba mwenye baiskeli ajiulize mbele ya Mungu ni nani nyumbani anayebeba mzigo mkubwa zaidi, na ampe huyo. Viongozi wetu wa vijiji na kata wadai, kwa barua na kwa sauti, alama za mwendo, matuta na njia za pembeni penye makazi. Na kila mmoja wetu mwenye gari, akimwona mbele yake mtu anayesukuma mzigo mlimani, aondoe mguu kwenye mafuta, ateremshe kioo, na amsalimu.

Muumini wetu yule mkarimu tulimkuta tena Jumapili. Tulimshukuru kwa ahadi yake ya mafuta, tukamwomba aigeuze kuwa matairi. Alicheka, kisha akanyamaza, kisha akauliza: “Namba ngapi, Padri?” Tulimtajia. Tairi tayari limefungwa.

Mungu awabariki, na awalinde wote walio njiani juma hili, hasa waendao polepole.